Duka la Mji Mkongwe: kutoka daftari hadi simu

Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Kutch na Gujarat, walijenga katika Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba zenye duka chini na makazi ya familia juu. Bei ilipatikana kwa mazungumzo mlangoni, na mteja anayejulikana aliandikiwa deni kwenye daftari. Soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wafanyabiashara wengi waliondoka. Biashara huria ikarejea katikati ya miaka ya 1980.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Tanzania mwaka 2008, na mnunuzi akaweza kulipa bila kufika dukani. Baadaye picha za kanga zilihamia WhatsApp na Instagram, na mzigo wa mteja wa Dar es Salaam ukapandishwa boti. Tovuti ya mauzo ina ubora mmoja mkubwa: inaweza kuhesabu mali ya dukani na ya mtandaoni pamoja, hivyo doti ileile haiuzwi mara mbili. Lakini aghalabu ina ada ya kila mwezi, na mteja bado anataka kupatana bei. Kwa duka dogo la kanga, WhatsApp na daftari vinatosha, mradi kila doti iliyouzwa ifutwe papo hapo kwenye orodha.