Maoni ya Watumiaji katika Mifumo ya Huduma Iliyosanifiwa Upya: Funzo la Fomu ya FAFSA ya Marekani

Mfumo wa huduma mtandaoni unaposanifiwa upya, tangazo la uzinduzi hutaja yaliyopungua: maswali machache, kurasa chache, siku chache za kusubiri. Jambo ambalo tangazo haliwezi kuthibitisha ni iwapo mwananchi aliyeshika simu au kuketi mbele ya kompyuta atafika mwisho wa kazi iliyompeleka humo. Hilo hujulikana kwa kumtazama mwananchi huyo akiutumia mfumo, na kwa kumsikiliza anapokwama.

Makala haya yanaeleza nafasi ya maoni ya watumiaji katika kurekebisha mfumo mpya, kwa kurejea fomu ya maombi ya fedha za masomo ya Serikali ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama FAFSA. Fomu hiyo ilifunguliwa ikiwa na sura mpya mwishoni mwa mwaka 2023, na matatizo yaliyofuata yamechunguzwa kwa kina na taasisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo.

Maana ya urahisi wa matumizi

Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango chake namba 9241 sehemu ya 11, kilichotolewa mwaka 1998 na kuhuishwa mwaka 2018, hupima urahisi wa matumizi kwa mambo matatu. La kwanza ni iwapo mtumiaji anaikamilisha kazi aliyokusudia. La pili ni kiasi cha muda na jitihada anachotumia. La tatu ni kuridhika kwake. Kiwango hicho kinasisitiza kuwa vipimo vyote vitatu vinamhusu mtumiaji fulani, mwenye lengo fulani, katika mazingira fulani.

Kwa tafsiri hiyo, hakuna mfumo ulio rahisi kwa watu wote kwa namna moja. Fomu inayomchukua mtumishi wa ofisini dakika kumi inaweza kumshinda mtu mwenye simu ya kioo kidogo na kifurushi kinachokaribia kwisha. Aliyeusanifu mfumo anaujua kila mlango wake, na kwa sababu hiyo ni vigumu kwake kuona mahali ambapo mgeni atapotea.

Fomu iliyofupishwa

FAFSA ndiyo mlango wa kuingilia kwenye ruzuku na mikopo ya elimu ya juu ya Serikali Kuu ya Marekani. Majimbo na vyuo vingi pia huitumia kugawa misaada yao. Kwa miaka mingi fomu hiyo ililalamikiwa kuwa ndefu, ikiwa na maswali zaidi ya 100 kuhusu kipato, mali na familia ya mwanafunzi. Desemba 2020 Bunge lilipitisha sheria ya kuirahisisha.

Fomu mpya haikuzidi maswali 46, na baadhi ya waombaji walihitaji kujibu chini ya 20. Taarifa za kodi zilipangwa kuvutwa moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi, badala ya mzazi kuziandika kwa mkono. Ili hilo liwezekane, kila mtu ambaye taarifa zake zinahitajika, akiwemo mzazi, alitakiwa kufungua akaunti yake na kutoa idhini yake.

Kwa desturi fomu hufunguliwa Oktoba 1. Fomu mpya ilifunguliwa Desemba 30, 2023, takriban miezi mitatu baadaye, na katika siku za mwanzo ilipatikana kwa vipindi vifupi tu kabla ya kufungwa tena.

Vikwazo vilivyojitokeza

Wanafunzi wengi waliijaza fomu hiyo kwa muda mfupi kuliko zamani. Wengine, hata hivyo, walikutana na ukuta. Waombaji waliozaliwa mwaka 2000 walikwama katikati ya fomu kwa sababu ya hitilafu iliyohusu mwaka huo. Wazazi wasio na namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo wahamiaji wengi hawana, hawakuweza kukamilisha sehemu yao. Mwanafunzi wa familia ya namna hiyo aweza kuwa raia mwenye haki kamili ya kuomba, lakini fomu yake ilibaki nusu. Kwa kundi hilo, ufumbuzi ulioruhusu fomu kuwasilishwa ulitolewa Machi 2024.

Wengine waliwasilisha fomu bila saini, kisha wakashindwa kurudi kuikamilisha. Nafasi ya kusahihisha fomu iliyokwisha kutumwa haikuwapo mfumo ulipofunguliwa, na wanafunzi waliisubiri hadi Aprili. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ndiyo taasisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliripoti Septemba 2024 kuwa uzinduzi huo ulikumbwa na zaidi ya hitilafu 40 za kiufundi.

Madhara yake yalionekana katika kalenda ya vyuo. Vyuo vingi vya nchi hiyo hutaka mwanafunzi athibitishe nafasi yake ifikapo Mei 1. Mwaka huo vyuo vilianza kupokea taarifa za waombaji katikati ya Machi, na vingi vililazimika kusogeza mbele tarehe hiyo. Familia ziliombwa kuchagua chuo kabla ya kujua kitagharimu kiasi gani. Kufikia mwishoni mwa Agosti 2024, kwa mujibu wa ripoti hiyo, idadi ya waombaji wa mara ya kwanza ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 9 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia.

Maoni yaliyokosa wa kuyapokea

Watumiaji hawakukaa kimya. Walipiga simu. Katika miezi mitano ya kwanza kituo cha huduma kwa wateja kilipigiwa simu milioni 5.4, na kati ya hizo takriban milioni 4 hazikujibiwa.

Takwimu hiyo ina maana mbili. Kwa mwombaji, kila simu isiyojibiwa ilikuwa siku nyingine iliyopotea. Kwa wasimamizi wa mfumo, ilikuwa taarifa ya hitilafu ambayo haikuandikwa popote. Mtu aliyekwama kwenye ukurasa wa tatu hawezi kutoa maoni kupitia fomu iliyo mwisho wa ukurasa wa kumi. Mfumo unaokusanya maoni ya waliofika mwisho tu huwasikia waliofanikiwa, na huweza kuonesha kuridhika kwa hali ya juu wakati waliofungiwa nje hawahesabiwi. Ndiyo maana njia ya kupokea maoni haina budi kuwa nje ya mlango ambao huenda umefungwa: simu inayojibiwa, dawati la msaada, au watu wanaokaa na waombaji ana kwa ana.

Nchini Marekani kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na walimu washauri wa shule za sekondari, maofisa wa misaada ya fedha vyuoni na asasi za kijamii. Hao ndio waliokaa na familia mbele ya kompyuta, wakaona kila mmoja anakwama wapi, na kupaza sauti.

Utaratibu uliogeuzwa

Kwa fomu ya mwaka wa masomo 2025–26, Wizara ya Elimu ya Marekani iligeuza utaratibu. Badala ya kuufungua mfumo kwa wote na kusubiri malalamiko, ilianza Oktoba 1, 2024 kwa toleo la majaribio. Kundi la kwanza lilikuwa la wanafunzi wachache waliosaidiwa na asasi za kijamii. Makundi mengine yaliongezwa kwa awamu, na kila awamu ilitumika kubaini na kurekebisha kasoro kabla ya inayofuata. Fomu ilizinduliwa rasmi kwa wote Novemba 21, 2024. Desemba mwaka huohuo ilisainiwa sheria inayotaka fomu iwe tayari kila mwaka ifikapo Oktoba 1.

Utaratibu wa makundi madogo una msingi katika utafiti wa muda mrefu. Mwaka 2000 mtaalamu wa usanifu wa mifumo, Jakob Nielsen, alieleza kuwa jaribio la watumiaji watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya mfumo, na kwamba ni heri kufanya majaribio madogo mengi kuliko moja kubwa. Aliweka sharti muhimu: watumiaji wanapotofautiana sana, kila kundi lijaribiwe peke yake. Sharti hilo ndilo linaloeleza tukio la FAFSA vizuri zaidi. Wazazi watano wenye namba ya Hifadhi ya Jamii wasingefichua kamwe kikwazo cha mzazi asiye nayo.

Malalamiko ya aina mbili

Kila mfumo unaobadilishwa huzua malalamiko, na si yote yanayodai hatua ileile. Aina ya kwanza hutokana na mazoea. Kitufe kilichokuwa kulia kimehamia kushoto, rangi si ile iliyozoeleka, menyu imepewa jina jingine. Malalamiko haya ni ya kweli, maana mtumiaji hupoteza muda kujifunza upya, lakini mengi hupungua kadiri siku zinavyopita, hasa maelekezo yakitolewa mapema.

Aina ya pili hutokana na kizuizi. Mtumiaji hawezi kuendelea hata akijaribu mara kumi, na kupita kwa siku hakumsaidii. Kunamsogeza karibu na tarehe ya mwisho. Malalamiko ya aina hii yaweza kuwa machache kwa idadi, kwa kuwa hulikumba kundi dogo, lakini uzito wake ni mkubwa zaidi. Taasisi inayopanga maoni kwa wingi wake pekee itashughulikia rangi ya ukurasa kwanza na kuwaacha waliofungiwa nje wakisubiri.

Mrejesho unaosaidia

Ujumbe usemao kuwa mfumo haufanyi kazi ni wa haki, ila haumwelekezi fundi pa kuanzia. Mrejesho unaoharakisha marekebisho huwa na mambo yafuatayo:

Kwanza, kazi iliyokusudiwa, kwa mfano kuwasilisha maombi, kupata namba ya malipo au kubadili taarifa binafsi.

Pili, hatua ambayo mtumiaji alikwamia, pamoja na maneno yaliyojitokeza kwenye skrini kama yalivyoandikwa. Picha ya skrini husaidia, mradi isioneshe neno la siri wala namba za utambulisho.

Tatu, tarehe na saa, kwa kuwa kumbukumbu za mfumo hutafutwa kwa muda.

Nne, kifaa kilichotumika, kama ni simu au kompyuta, na aina ya kivinjari.

Tano, hali ya pekee ya mwombaji inayoweza kuhusika, kama vile jina lenye alama ya mkato, mzazi aliyefariki au cheti kilichotolewa nje ya nchi. Mara nyingi hapa ndipo kilipo chanzo cha kizuizi.

Sita, tarehe ya mwisho ya huduma inayoombwa, ili mpokeaji ajue uharaka wake.

Kwa upande wa taasisi, wajibu ni kumpa mwananchi namba ya kumbukumbu, kumjulisha hatua iliyochukuliwa, na kutangaza hadharani kasoro zinazojulikana pamoja na njia ya muda ya kuzikwepa. Pale kasoro inapotoka kwa mfumo na si kwa mwombaji, kusogeza mbele tarehe ya mwisho ni sehemu ya marekebisho yenyewe.

Njia zilizopo Tanzania

Funzo hilo lina nafasi yake hapa nchini, ambako huduma nyingi za umma hutolewa kwa mtandao. Waombaji wa mikopo ya elimu ya juu huwasilisha maombi kwa njia hiyo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na wengi wao hulazimika kutegemea simu ya mkononi au duka la huduma za intaneti.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayosimamia utekelezaji wa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, imesanifu mfumo wa e-Mrejesho. Kupitia mfumo huo mwananchi huweza kuwasilisha malalamiko, maoni, mapendekezo na pongezi kwa taasisi za umma. Hupatikana kwa tovuti na pia kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Njia hii ya pili ina umuhimu wa pekee, kwa sababu humfikia hata yule ambaye tatizo lake ni kushindwa kuingia mtandaoni.

Mwananchi anayekwama katika mfumo mpya anashauriwa kutoa taarifa siku hiyohiyo, kutunza namba ya kumbukumbu atakayopewa, na kutosubiri siku ya mwisho ya maombi. Kizuizi kinachoripotiwa wiki ya kwanza kinaweza kuondolewa kwa wote watakaofuata. Kikiripotiwa baada ya dirisha kufungwa, huwa kimekwisha kumnyima mtu nafasi yake ya mwaka huo.