Kucheza pamoja mtandaoni: toka abonema ya mwezi mpaka mega za siku

Mwaka 1997 mchezo wa Ultima Online ulitoka Marekani, na mchezaji alilipa dola 9.95 kila mwezi. World of Warcraft ya 2004 iliomba 14.99, aliyelipa miezi sita kwa mara moja alipunguziwa mpaka 12.99 kwa mwezi. Ndugu wawili wakitaka kucheza pamoja, kila mmoja abonema yake, tena mara nyingi kwa kadi ya benki.

Wakaaji wengi wa Lubumbashi walibaki mlangoni. Kadi hakuna, na feza ya nyumba haingoji mwisho wa mwezi; inaingia leo, inaliwa leo. Vijana wakajaa kwenye vyumba vya PlayStation vya mtaani: wawili mbele ya televisheni moja, malipo kwa mechi, anayefungwa anaacha kiti.

M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, simu ikashika kazi ya kadi. Free Fire ya 2017 ikaondoa kiingilio kabisa, faida ikatafutwa kwa kuuza almasi za ndani ya mchezo. Bure hiyo ina mkia: mega. Kijana wa familia iliyokimbia vita anawakuta humo rafiki aliowaacha, wanapigana bega kwa bega, mpaka mega za mmoja ziishe.