Bweni Nalo Linafundisha: Historia ya Northcote, Makerere

Wiki hii tunawaletea historia ya nyumba moja hapa Kampala. Tumeichagua kwa sababu mwenzetu mmoja ameacha chuo akiwa mwaka wa kwanza. Si minervali iliyomshinda, ilishalipwa yote. Alipanga chumba peke yake, akitoka darasani anajifungia, hajuani na mtu. Sisi tulikuja kujua ameacha baada ya miezi miwili. Aibu ni yetu.

Sasa tuanze. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, wote wavulana. Wasichana sita wa kwanza waliingia mwaka 1945. Chuo kikakua, vijana wakaja kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na kila mmoja akapewa bweni lake. Bweni halikuwa kitanda tu. Lilikuwa na mlezi, ukumbi wa kulia pamoja na viongozi wanaotoka kwa wanafunzi wenyewe. Tena kulikuwa na mashindano ya michezo ya kuigiza, bweni kwa bweni.

Mwaka 1959 akafika kijana kutoka Limuru, James Ngugi, ambaye leo tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Akawekwa bweni la Northcote. Miaka minne nyuma, mwaka 1955, alikuwa amefunga shule akarudi nyumbani, akakuta kijiji chao kimebomolewa chote na serikali ya kikoloni. Hali hiyo wengi wetu hatuhitaji kuelezwa.

Northcote ilifanya nini? Ilimpa kazi. Bweni lilihitaji mchezo wa kupeleka mashindanoni, yeye akaandika *The Rebels* mwaka 1961. Mwaka uliofuata akaandika *The Wound in the Heart*, kuhusu mtu anayerudi kwake kutoka kizuizini. Yaani yale yaliyomkaa moyoni yakapata pa kutokea, na wenzake wa bwenini wakawa wa kwanza kuyasikia. Mwezi wa 11 mwaka huohuo 1962, mchezo wake *The Black Hermit* ulichezwa kwenye ukumbi wa taifa wa Uganda.

Lakini tusidanganyane. Bweni hilohilo baadaye lilijulikana kwa mambo ya kijeshi jeshi, vyeo na fujo, mpaka miaka ya 1990 chuo kikalifuta jina. Leo linaitwa Nsibirwa, kumkumbuka Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro wa Buganda, aliyeuawa mwaka 1945 baada ya kuunga mkono sheria ya ardhi iliyowezesha Makerere kupanuka. Kuta ni zilezile. Kilichobadilika ni kile vijana walichopeana kufanya ndani yake.

Kwa hiyo tukisema bweni linamjenga mtu, tuseme vizuri. Vijana wakikaa pamoja bila kazi ya maana, watajitafutia kazi yao, na inaweza kuwa vita.

Siku hizi, tangu chuo kianze kupokea wanaojilipia, wanafunzi wengi sana wanalala nje: Kikoni, Wandegeya, Nakulabye. Na sisi wakimbizi tuko huko, au mbali zaidi ambako chumba ni rahisi. Hakuna mlezi wa kugonga mlango wako. Basi tugongeane wenyewe.

Tumekubaliana hivi: kila Jumamosi jioni tunakula pamoja, na kila mtu ana kazi yake. Mmoja ananunua mkaa, mmoja anasaidia wa mwaka wa kwanza na kazi za darasani, mmoja anaandika nani hajafika. Ukikosa mara mbili, tunakuja kwako.

Yule mwenzetu tumeshamwendea. Hajasema kama atarudi chuo, nasi hatukumsukuma. Ila amekubali kupika Jumamosi hii. Mje wengi.