Grand National: Gari jeusi la Buick na uvumi wa kurudi kwake

Novemba 22, 2024 mwanamuziki wa Marekani Kendrick Lamar alitoa albamu bila kuitangaza mapema, akaipa jina la gari: GNX. Lamar alizaliwa mwaka 1987, na ameeleza kwamba baba yake alimtoa hospitali akiwa mtoto mchanga ndani ya Buick Regal ya mwaka huohuo. Februari 9, 2025, GNX nyeusi ikawa sehemu ya jukwaa lake jijini New Orleans, wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa gari hilo lilipoacha kuundwa wakaanza kuulizana ni gari gani.

Uvumi wa zamani nao ukapata nguvu mpya: Buick inalirudisha Grand National, gari ambalo GNX ilikuwa toleo lake maalumu. Picha zilizotengenezwa kwa kompyuta zinasambaa zikionyesha gari jipya jeusi, lenye kona kali kama lile la zamani, na wengi wanaziamini.

Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa gari hili tumeingoja methali itimie kwa karibu miaka arobaini. Msomaji anayetaka kuupima uvumi huu mwenyewe anahitaji kujua gari lilitoka wapi, kwa nini liliondolewa, na nini kilitokea kila liliposemwa kuwa linarudi.

Injini iliyouzwa, ikanunuliwa tena

Buick ndiyo chapa kongwe kuliko zote za magari ya Marekani zilizo hai hadi leo. Ilianzishwa mwaka 1903 na David Dunbar Buick, mzaliwa wa Scotland, na mwaka 1908 William Durant akaitumia kuwa msingi wa kampuni ya General Motors. Kwa miongo mingi Buick lilikuwa gari la daktari na mwanasheria: pana, tulivu, laini barabarani. Mwenye kutafuta mbio alikwenda kwingine.

Mwaka 1962 Buick ilitoa injini ya V6 ndani ya gari lake dogo, Special. Gari lilisifiwa, hata jarida la Motor Trend likalichagua kuwa gari la mwaka. Lakini petroli ilikuwa rahisi na Wamarekani walitaka silinda nane. Mwaka 1967 Buick ikaiuza injini hiyo, pamoja na mitambo ya kuitengenezea, kwa Kaiser Jeep.

Ndipo ukaja mwaka 1973. Nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta ziliinyima Marekani mafuta, foleni zikajaa kwenye vituo vya petroli, na magari ya silinda nane yakageuka mzigo kwa wenyewe. General Motors ikakumbuka injini yake iliyouzwa. Wakati huo ilikuwa mikononi mwa American Motors, waliokwishainunua Jeep. Mwaka 1974 ikanunuliwa tena, mitambo ikarudishwa Flint, Michigan.

Ilibana mafuta, lakini kwa gari zito la Kimarekani ilikuwa dhaifu. Wahandisi wa Flint wakaamua kuifungia turbo. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, nayo ya pili inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta zaidi yanaweza kuchomwa, na injini ndogo inatoa nguvu ya kubwa. Mwaka 1976 Buick Century yenye V6 ya turbo iliongoza msafara wa kuanza mbio za Indianapolis 500, na mwaka 1978 turbo ikaanza kuuzwa kwa wananchi katika Regal na LeSabre.

Jina kutoka uwanja wa mbio

Mwaka 1981 na 1982 dereva Darrell Waltrip aliibuka bingwa wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, akiendesha Buick Regal ya timu ya Junior Johnson, akishinda mbio 12 kila msimu. Grand National lilikuwa jina la mashindano hayo makuu, na Buick ikalichukua kuiuzia Regal ya barabarani.

Grand National za kwanza, za mwaka 1982, zilikuwa 215 tu, za rangi ya kijivu na fedha. Nyingi kati yake hazikuwa hata na turbo. Mwaka uliofuata hazikutoka kabisa. Ziliporudi mwaka 1984 zilikuwa gari jingine: nyeusi tupu kuanzia bampa hadi bampa, na chini ya boneti V6 ya lita 3.8 yenye turbo, iliyoacha kabureta na kupewa mfumo wa kompyuta unaopuliza mafuta kwenye silinda moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Nguvu zilikuwa za farasi 200.

Mwaka 1986 likaongezwa jambo lililokamilisha kazi. Hewa inayosukumwa na turbo hupata moto, na hewa ya moto haibebi oksijeni nyingi. Wahandisi wakaweka intakula, kifaa kinachofanana na rejeta ndogo, kuipoza hewa hiyo kabla ya kuingia kwenye injini. Nguvu zikapanda hadi za farasi 235, na mwaka 1987 zikafika 245.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Corvette ya mwaka 1987, gari la michezo lililokuwa fahari ya General Motors yote, ilikuwa na V8 ya nguvu za farasi 240. Gari la familia, lenye silinda sita na kiti cha nyuma cha watoto, liliizidi kwenye karatasi, na katika kuondoka kwa kasi liliitia aibu barabarani. Wamarekani walilipenda kwa sababu hiyo. Lilikuwa gari la mtu aliyedharauliwa akaja kushinda.

GNX 547

Buick ilijua kwamba 1987 ndio mwaka wa mwisho wa Regal ya mtindo huo, ikaamua kuaga kwa kishindo. Ilishirikiana na kampuni mbili, ASC na McLaren, kutengeneza toleo maalumu lililoitwa GNX. Yalitengenezwa 547 tu, na bei yake ilizidi dola 29,000, ghali sana kuliko Grand National ya kawaida.

Ukilisogelea utaona kwamba pesa haikwenda kwenye mapambo. Kwenye madigadi za mbele kuna matundu ya kutolea joto la injini. Madigadi zimetanuliwa ili tairi pana zienee, na rimu ni za inchi 16. Dashibodi imepewa mishale ya Stewart-Warner, ukiwamo wa kuonyesha msukumo wa turbo. Turbo yenyewe ina feni ya kauri, nyepesi kuliko ya chuma, hivyo inachangamka mapema dereva akikanyaga mafuta. Nyuma, chini kabisa ambako mnunuzi hachungulii, kumefungwa mtaimbo mrefu unaounganisha ekseli na fremu. Kazi yake ni kuzibana tairi za nyuma kwenye lami gari linapoondoka, badala ya kuziacha zizunguke bure na kuunguza mpira. GNX ikifyatuka, sehemu ya nyuma huinuka, kinyume na magari mengi ambayo hukalia makalio.

Buick iliandika nguvu za farasi 276. Jarida la Car and Driver lilipolipima, gari lilitoka sifuri hadi maili 60 kwa saa, yaani takriban kilomita 96, kwa sekunde 4.7. Mwaka 1987 hayo yalikuwa matokeo ya magari ya Kiitaliano ya bei ya nyumba. Kwa weusi wake, waandishi wa magari walilifananisha na chombo cha Darth Vader, yule jemadari wa filamu za Star Wars.

Grand National ya mwisho ilitoka kiwandani mjini Pontiac, Michigan, Desemba 11, 1987. Regal ya 1988 ilikuwa na bodi mpya na ilivutwa na tairi za mbele, na humo V6 ya turbo haikupata nafasi. Injini ilipata heshima moja zaidi mwaka 1989, ilipofungwa kwenye magari 1,555 ya Pontiac Trans Am ya kuadhimisha miaka 20 ya jina hilo, moja likiongoza tena mbio za Indianapolis. Kisha ikanyamaza. Ukoo wa V6 hiyo bila turbo uliendelea katika magari ya kawaida hadi mwaka 2008.

Uvumi na ukweli wake

Tangu hapo uvumi umekuwa ukija kwa misimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 waandishi wa magari waliripoti kwamba Grand National na GNX zinarudi, na safari hii hoja ilikuwa na uzito. General Motors ilikuwa na fremu mpya ya magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, iliyotumika kwa Cadillac ATS na baadaye Camaro, na ilikuwa na V6 za turbo. Viungo vyote vya mchuzi vilikuwa jikoni.

Januari 2016 watu wakadhani siku imefika. Katika maonyesho ya magari ya Detroit, Buick ilifunua Avista, gari la milango miwili lililojengwa juu ya fremu hiyo, lenye V6 ya lita 3.0, turbo mbili na nguvu za farasi 400. Lilishinda tuzo ya usanifu palepale. Halikuingia kiwandani.

Sababu ni ya kibiashara. Wateja wa Marekani walikuwa wakiyaacha magari ya chini na kukimbilia SUV. Regal iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 2020, na baada yake Buick ikabaki huko na SUV pekee. Mwaka 2022 Buick ilitangaza nia ya kuhamia magari ya umeme. Camaro, iliyokuwa ikitumia fremu ileile ya matumaini, nayo ikafikia mwisho na toleo la mwaka 2024. Kumbuka pia kwamba Buick ilinusurika wakati wa kufilisika kwa General Motors mwaka 2009, Pontiac ikifutwa, kwa sababu China ilikuwa soko lake kubwa kuliko Marekani. Familia ya Shanghai inayonunua Buick haina kumbukumbu ya Grand National.

Wanaoeneza uvumi hushikilia ishara mbili: gari la maonyesho, na jina kusajiliwa upya. Zote ni dhaifu. Gari la maonyesho hutengenezwa kupima macho ya watu na kufundisha wasanifu, na mengi huishia ghalani. Jina nalo kampuni hulisajili ili mwingine asilichukue. Ishara ya kuaminika ni fedha: kiwanda kupangiwa kazi, wauza vipuri kupewa oda, na kampuni yenyewe kutamka bei na mwaka.

Waliorudi walivuna nini

Yapo magari ya kale yaliyofufuliwa, na yamefundisha mengi. Pontiac ilirudisha GTO mwaka 2004 kwa kuchukua Holden Monaro ya Australia na kuibandika jina. Lilikuwa gari zuri lenye V8 ya nguvu, lakini wapenzi wa GTO hawakuliona la kwao machoni, na mwaka 2006 likakoma. Ford ilirudisha Thunderbird kwa sura ya miaka ya 1950, ikadumu kuanzia toleo la 2002 hadi 2005. Camaro, iliyokufa mwaka 2002, ilirudi mwaka 2009 ikiwa na sura yake na mwendo wake, ikaishi zaidi ya muongo mmoja. Dodge Challenger ya mwaka 2008 ilidumu vilevile. Yaliyoshika mizizi yalirudi na kazi yaliyokuwa yakiifanya zamani. Yaliyorudi na jina tu, au sura tu, hayakufika mbali.

Kwa Grand National kipimo hiki ni kikali zaidi. Heshima yake haikutokana na rangi nyeusi. Ilitokana na wahandisi waliopewa injini ambayo kampuni yao ilikuwa imeiuza kama kitu kisichofaa, wakaifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi mpaka ikazishinda V8. SUV nyeusi yenye herufi GNX mlangoni ingeuzwa, sina shaka, na ingewakosea adabu watu hao. Gari la umeme linaweza kuondoka kwa kasi kuliko GNX yoyote, lakini lingestahili jina hilo iwapo tu limeundwa na watu waliodharauliwa wakakataa kushindwa.

Kwa hiyo anayelitamani gari hili asiuze alichonacho kwa kungoja toleo jipya. Grand National 20,193 zilitengenezwa mwaka 1987 pekee, na nyingi bado zinatembea au zimetunzwa. Thamani yake inapanda: ile ya mwisho kabisa kutoka kiwandani iliuzwa kwenye mnada wa Barrett-Jackson mwaka 2022 kwa dola 500,000. Na anayepokea picha ya Grand National mpya kwenye simu aulize kwanza ni kiwanda gani kitaiunda na injini ipi itaisukuma. Mpaka Buick yenyewe ijibu maswali hayo mawili, Grand National inabaki kuwa gari lililokoma Desemba 1987.