Nani alisema Isiolo ni "ngumu kufikiwa"?

Wasee, watafiti wa afya wakiongea kuhusu watu wa kaskazini, mara nyingi utasikia sisi ni "jamii ngumu kufikiwa". Zii. Tumefikiwa sana. Shida ni vile tulifikiwa.

Mkoloni alifunga kaskazini kwa sheria ya 1902, ukitaka kuingia ama kutoka ni kibali. Uhuru ukaja na vita vya shifta, 1963 hadi 1967. Wafugaji wa Garba Tulla na Merti wakasukumwa kwa kambi zinazolindwa na askari, mifugo ikaisha. Halafu Novemba 1989 Wasomali Wakenya, kuanzia miaka 18, wakaambiwa waende "screening" wathibitishe uraia, ndio wapewe kadi ya pinki. Ukiwa umezaliwa hapa hapa, bado unapanga laini.

Sasa leo mgeni anashuka kwa gari na fomu. Jina? Kabila? Umezaliwa wapi? Eti ni "screening" tu ya presha. Na damu kidogo. Wewe ungetoa mkono?

Mwaka huo huo wa 1989, KEMRI na Wellcome Trust walianza kituo cha utafiti Kilifi. Huko pia damu ilileta uoga, stori za mumiani ni za kitambo. Baadaye wakaacha wanakijiji wachague wawakilishi wao wenyewe, watu wa kuuliza maswali na kupeleka malalamiko kwa watafiti.

Kwetu mtafiti akija na barua yake ya Nairobi, sawa. Lakini akae kwanza na wazee waliopanga ile laini. Wakimaliza kuongea, na wanaongeaga sana, ndio afungue boksi la sindano.