Maji Kabla ya Dawa: Historia ya Samaki Hai kati ya Tanganyika na Bukavu

Ziwa Kivu ni kubwa na lenye kina, lakini kwa muda mrefu lilikuwa na samaki wachache. Eneo lake ni kilomita za mraba karibu 2,370, kina chake kinafika mita 485, na uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Volkano za Virunga ziliziba njia ya maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini, yakageukia kusini na kutokea kwenye mji wa Bukavu kwa mto Ruzizi. Mto huo hushuka karibu mita 700 kabla ya kuingia ziwa Tanganyika, na maporomoko yake hayampi samaki wa chini nafasi ya kupanda. Zaidi ya hayo, kuanzia kina cha mita 60 hivi maji ya Kivu hayana oksijeni. Yamejaa methani na kaboni dioksidi. Aina za samaki wa asili hazikufika 30, wengi wao wakiishi kando kando ya miamba. Katikati ya ziwa, penye vijidudu vingi vinavyoelea, hapakuwa na samaki wa kuvila.

Upungufu huo ndio ulioanzisha historia ya kubeba samaki hai katika nchi ya Kivu. Hatua ya kwanza ilikuwa mabwawa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utawala wa Kibelgiji ulihimiza wanavijiji wachimbe mabwawa ya tilapia, na kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, kikawa mahali pa kujaribia ufugaji huo. Tilapia alifaa kwa sababu ni mvumilivu: hustahimili chombo kidogo, maji yenye oksijeni haba na safari ya barabara mbovu. Baada ya uhuru wa Kongo wa 1960 mabwawa mengi yaliachwa yakajaa majani, lakini ujuzi mmoja ulibaki: samaki mdogo husafiri salama kuliko mkubwa, na maji ya jioni au ya alfajiri humfaa kuliko maji ya jua kali.

Kazi ngumu zaidi ilikuja kati ya 1958 na 1960. Wataalamu wa Kibelgiji, miongoni mwao Collart, walitaka kulipatia Kivu samaki wa katikati ya ziwa, wakaenda kuwatafuta Tanganyika. Huko kuna samaki wawili wadogo wa jamii ya dagaa: Stolothrissa tanganicae, anayeitwa ndagala, na Limnothrissa miodon. Samaki hawa ni dhaifu mno. Mkono ukiwagusa, magamba yao hubanduka, na aliyebanduka magamba hufa upesi. Ndiyo maana waliochukuliwa walikuwa vifaranga. Vifaranga zaidi ya 50,000 wa aina hizo mbili walipandishwa kutoka bonde la joto hadi ziwa la milimani, wakaachiliwa.

Ndagala hakuonekana tena. Limnothrissa, ambaye hupenda pia maji ya kando na hula vyakula vya namna nyingi, alishika makao. Watu wa Kivu walimwita sambaza, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 uvuvi wake ulikuwa umeanza kuwa kazi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa katikati, na wavu wa mraba hushushwa chini ya mwanga. Sambaza hufuata vijidudu vinavyovutwa na taa. Wavuvi huvuta kamba wote kwa pigo moja, na wimbo ndio unaowapangia mwendo. Asubuhi mzigo unafika ufukweni Bukavu, kisha sokoni, mbichi au uliokaushwa. Samaki huyohuyo alipelekwa ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, ambako anajulikana kama kapenta. Kivu nayo ilibadilika: kijidudu kikubwa cha jamii ya Daphnia, kilichokuwa chakula rahisi, kilitoweka baada ya sambaza kuenea.

Nyuma kidogo, enzi za Wabelgiji, samaki hai walianza kutunzwa kwa sababu nyingine, yaani elimu. Taasisi ya utafiti IRSAC iliundwa mwaka 1947, makao yake yakiwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, na kituo chake cha elimu ya maji kikiwa Uvira, kando ya Tanganyika. Vyote viwili vipo hadi leo: Lwiro ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, na Uvira ni Kituo cha Utafiti wa Elimu ya Maji. Mwaka 1959 Georges Marlier, aliyefanya kazi Uvira, alieleza kitaalamu samaki wa miambani aitwaye Tropheus duboisi, akimpa jina la mwenzake Dubois. Kifaranga wa samaki huyo ni mweusi mwenye vidoa vyeupe. Akikua, vidoa hufutika na mkanda mwangavu hutokea ubavuni. Watu wa Ulaya na Marekani wenye matanki ya kioo nyumbani walimtamani mara tu walipomjua.

Biashara ikafuata. Mwaka 1971 Pierre Brichard, ambaye kabla ya hapo alisafirisha samaki wa mto Kongo, alianza kazi Bujumbura ya kuwavua na kuwauza nje samaki wa Tanganyika. Mafanikio yake yalitegemea utunzaji. Samaki wa miambani aliyevuliwa mita nyingi chini ana kibofu cha hewa kilichozoea mgandamizo mkubwa. Akipandishwa ghafla kibofu huvimba, tumbo hujaa, naye huelea ubavu hata kufa. Wapiga mbizi walijifunza kuwaweka samaki katika vizimba na kuvipandisha kwa vituo, kidogo kidogo, mpaka mwili uzoee. Kisha samaki walipumzishwa katika mabirika, wenye majeraha wakatengwa, na kabla ya safari wakanyimwa chakula ili wasichafue maji ya njiani. Walifungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakapakiwa kwenye ndege.

Waliofika salama walikabiliwa na hatari ya pili. Tropheus hula mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kama ulivyo kwa wala majani wengi. Wafugaji wa mbali waliomlisha nyama na minyoo waliona tumbo likivimba, kinyesi kikiwa uzi mweupe, na samaki wakifa mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache. Dawa ya metronidazoli iliokoa wachache waliowahiwa. Kilichookoa wengi kilikuwa kurudishiwa chakula cha majani, maji safi yenye chumvichumvi za asili na utulivu ndani ya tanki.

Mafunzo hayohayo yanamhusu betta, samaki wa Siam, yaani Thailand ya leo, ambaye sasa hufugwa duniani kote katika matanki madogo. Mwaka 1840 samaki wa kupigana kutoka kwa mfalme wa Siam walimfikia daktari Theodore Cantor, na mwaka 1910 Charles Tate Regan wa London alimpa jina la Betta splendens. Betta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, na kwa hiyo huishi katika chombo kidogo ambacho kingemuua Tropheus. Uvumilivu huo huwapotosha wafugaji. Anaweza kupumua katika maji machafu, lakini uchafu huo humchoma mashavu na ngozi, na mwili uliochoka hushindwa kupigana na vijidudu vya maradhi.

Katika mji wa Bukavu, ulio mita 1,500 hivi juu ya bahari, adui wa kwanza ni baridi. Betta anahitaji maji ya nyuzi 25 hadi 28, na usiku wa mji huo huyashusha mbali chini ya hapo. Umeme wa Ruzizi ukikatika, kipasha maji hunyamaza. Tanki lililofunikwa juu na kuzungushiwa blanketi hutunza joto kwa saa kadhaa, na chupa ya maji ya uvuguvugu inayoelea ndani husaidia. Kifuniko kina faida nyingine: hewa ambayo betta anaivuta hubaki na joto.

Adui wa pili ni amonia itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Ukali wake hutegemea hali ya maji. Kwa nyuzi 25, katika maji yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 9, ambayo ni karibu na ile ya ziwa Kivu, inapita asilimia 30. Maji ya ziwa basi hayamfai betta mgonjwa. Maji ya bomba yaliyokaa wazi katika ndoo usiku kucha ili klorini ipungue ni bora, mradi yafikie joto la tanki kabla ya kumiminwa.

Matibabu hufuata mpangilio uleule wa mabirika ya Bujumbura. Mgonjwa hutengwa, hupunguziwa chakula, na kila siku robo ya maji hubadilishwa. Mapezi yaliyoanza kuoza mara nyingi huota upya kwa maji safi peke yake. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ni dalili ya kimelea Ichthyophthirius, ambacho dawa hukipata kinapoogelea huru tu. Ndiyo maana joto huongezwa polepole ili mzunguko wake uende haraka, na matibabu huendelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Chumvi ya kawaida, gramu 1 hadi 3 kwa lita, husaidia mwili kutunza usawa wake. Antibiotiki hubaki kwa vidonda vinavyozidi kupanuka licha ya maji kuwa safi.

Sharti la mwisho linatokana na Kivu yenyewe. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye pia hupendwa na wenye matanki, alionekana katika ziwa hilo bila mpango wowote wa kumpandikiza. Naye hula vijidudu ambavyo sambaza huvitegemea, na wavuvi wanavua wote wawili. Kwa hiyo betta aliyekufa hufukiwa, aliye hai hatupwi ziwani, na maji ya tanki la mgonjwa humwagwa ardhini, mbali na mkondo wowote unaoelekea Kivu.