Kitovu cha Liongo: Kuipa mbinu jina si kuisoma hadithi

Kila mwaka ninapokutana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, huwapa ukurasa mmoja wa riwaya au tamthilia na kuwauliza wanaona nini pale. Mikono huinuka upesi. "Taharuki!" "Sadfa!" "Mbinu rejeshi, Prof!" "Kinaya!" Majina humwagika kama njugu kutoka kwenye pakacha lililotoboka.

Kisha huwauliza swali la pili. Haya, tumekubaliana kwamba hiyo ni sadfa. Sasa inafanya kazi gani hapo? Ingeondolewa, hadithi ingepungukiwa na nini? Hapo ukimya hutanda, na wengine huanza kutazama simu.

Siwalaumu vijana hawa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu wa shule ya upili katika miaka ya 1980, niliandika ubaoni orodha ya mbinu za kimtindo, kila moja na mfano wake, nikawaagiza wanafunzi waikariri. Mtihani waliupita. Lakini baadhi yao, tulipokutana wakiwa watu wazima, waliniambia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa riwaya yao ya mwisho kusoma. Jambo hilo limenikaa rohoni.

Katika makala haya nitaonyesha kwamba shughuli ya kuzitambua na kuzipa majina mbinu zinazojirudia katika masimulizi ina historia ndefu na ya heshima. Nitaonyesha pia kwamba mabingwa wake hawakuishia kwenye jina. Kwao, jina lilikuwa mlango wa kuingilia, wala si kitanda cha kulalia.

Tuanze na Aristotle wa Ugiriki, karne ya nne kabla ya Kristo. Katika kitabu chake kuhusu ushairi na tamthilia, alitaja mbinu mbili ambazo wahakiki wanazitumia hadi leo: mgeuko wa ghafla wa mambo, na utambuzi, yaani pale mhusika anapotoka katika ujinga na kujua ukweli. Mfano wake mkuu ni mfalme Oedipus, anayekuja kutambua kwamba mwuaji anayemsaka ni yeye mwenyewe.

Tazama alichofanya baadaye. Hakusema tu kwamba huu ni utambuzi, basi. Aliziainisha aina za utambuzi na kuzipima. Utambuzi unaotegemea alama ya mwilini, kama lile kovu la Odysseus, aliuona dhaifu kuliko ule unaozaliwa na mtiririko wa matukio yenyewe. Kwa maneno mengine, alipoipa mbinu jina alipata nafasi ya kuuliza: je, imefanya kazi vizuri au vibaya?

Karne nyingi baadaye, watafiti wa ngano walikumbana na jambo la ajabu. Hadithi zilizokusanywa mbali mbali, kwa lugha zisizo na undugu, zilifanana mno. Mwaka wa 1910, Antti Aarne wa Ufini alichapisha orodha ya aina za ngano. Stith Thompson wa Marekani akaipanua mwaka wa 1928, kisha kati ya 1932 na 1936 akatoa faharasa yake kubwa ya motifu katika juzuu sita. Kila motifu ilipewa herufi na nambari, mithili ya magari.

Mwaka huo huo wa 1928, Vladimir Propp wa Urusi alichapisha utafiti wake kuhusu ngano 100 za Kirusi. Aligundua kwamba majina ya wahusika hubadilika, lakini matendo yao ni yale yale. Akayahesabu matendo hayo akapata 31, yakifuatana kwa mpangilio usiobadilika ingawa si lazima yote yawepo katika kila ngano. Miongoni mwake ni haya matatu: adui anapeleleza, adui anapata habari, adui anamhadaa shujaa.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo lazima atabasamu. Matendo hayo matatu, kupeleleza, kupata habari na kuhadaa, si ndiyo yaliyomwua Fumo Liongo?

Kwa wasioikumbuka vizuri mighani hii ya pwani yetu: Liongo alikuwa jitu la nguvu na malenga, na mtawala akamwogopa. Silaha za kawaida hazikumdhuru. Mwanawe, na wengine husema mpwawe, alishawishiwa kwa ahadi ya zawadi amwulize ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liongo akamfichulia siri: sindano ya shaba akichomwa kitovuni. Akachomwa usingizini. Akaamka, akatwaa upinde na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti, akafia pale pale upinde ukiwa umevutwa. Watu wakakaa na kiu, wasithubutu kukikaribia kisima, wakidhani yu hai.

Kisa hiki kilichapwa na Askofu Edward Steere mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili alizosimuliwa Unguja. Mwaka wa 1913, Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi. Lakini midomoni mwa watu kilikuwapo kabla ya vitabu hivyo.

Katika faharasa ya Thompson, shujaa asiyedhurika isipokuwa mahali pamoja mwilini amepewa nambari Z311, chini ya jina la kisigino cha Achilles. Herufi Z ni kapu la mengineyo. Ile hila ya kumchimba shujaa hadi atoe siri ya nguvu zake iko mbali kabisa, K975, katika sura ya udanganyifu. Kisa kimoja, nambari mbili, kurasa mbili zisizopakana.

Hata hilo jina la Achilles lina kasoro. Wengi hudhani limetoka kwa Homer. Lakini katika Iliad Achilles ni binadamu anayeweza kujeruhiwa, na habari ya mama kumtumbukiza mtoto katika mto wa kuzimu akimshika kisigino haimo. Tunaipata kwa mshairi wa Kirumi, Statius, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Isitoshe, Achilles hasalitiwi na mtu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo jina hilo linataja tundu tu, na kumwacha nje aliyelifichua.

Sasa tuwapange mashujaa wetu safu moja. Samsoni wa Biblia, katika Waamuzi 16, anamdanganya Delila mara tatu, na mara ya nne anasema kweli kuhusu nywele zake. Lwanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe. Anaoa mke kutoka kwa maadui, na siku moja akiwa mgonjwa anamwambia amchanje dawa kwenye kivuli chake. Mke anaona damu ikitoka kivulini, anakimbia kuwaeleza watu wake, na vita vijavyo mkuki unarushwa kwenye kivuli. Siegfried wa Wajerumani, katika utenzi wa mnamo mwaka wa 1200, ameoga damu ya joka na ngozi yake haipenyeki, ila pale jani lilipomwangukia kati ya mabega. Anachomwa hapo akiinama kunywa maji kwenye chemchemi. Liongo naye, tumeona, ni kisimani.

Mwanafunzi wa orodha ataandika "motifu ya udhaifu wa siri", apate alama yake, apite. Lakini hapa ndipo kusoma kunapoanza. Siri inatolewa na nani, na kwa sababu gani?

Delila anauza siri kwa fedha, vipande 1,100 kutoka kwa kila mkuu wa Wafilisti. Mke wa Magere hauzi chochote. Anarudi kwa watu wake, na kwa upande wao yeye ni shujaa. Kriemhild, mke wa Siegfried, anasema kwa mapenzi: anamwonyesha Hagen mahali penye hatari akiamini kwamba atamlinda mumewe hapo. Mtoto wa Liongo anamwuza baba aliyemzaa. Motifu ni moja, lakini maswali manne tofauti yanaulizwa: kuhusu tamaa, kuhusu ndoa inayovuka mipaka ya makabila, kuhusu imani iliyowekwa kwa mtu asiyestahili, na kuhusu damu kugeuka maji.

Tungewezaje kuziona tofauti hizi bila jina linaloviweka visa hivi pamoja? Tusingeweza. Hiyo ndiyo faida ya jina. Lakini tukiishia kwenye jina, tunafuta kile kilichofanya kila jamii ihangaike kusimulia kisa chake. Mwaka wa 1960 Claude Lévi-Strauss wa Ufaransa alimkosoa Propp kwa hoja ya namna hii: kwamba mbinu yake inatuonyesha ngano zinafanana wapi, ila inatupokonya uwezo wa kueleza zinatofautiana wapi.

Waandishi wetu wamelielewa hili kuliko vitabu vyetu vya mwongozo. Chukua Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka wa 2001 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini. Mifupa ya Liongo imo: mtawala mwoga, shujaa anayependwa na umma, msaliti wa nyumbani, na kisima. Lakini Mwelusi si jitu. Nguvu zake ni maneno yake na ujasiri wa kudai haki Butangi. Anayemwua ni Gege, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeahidiwa binti wa mtawala.

Basi kitovu cha Mwelusi kiko wapi? Si mwilini. Kitovu chake ni ndugu yake. Mwandishi ameichukua mbinu kongwe na kuihamisha kutoka kwenye ngozi hadi kwenye ukoo, kisha akatuuliza sisi, raia wa nchi iliyopitia siasa za kununuana: harakati za ukombozi hupenyezwa sindano mahali gani? Mtahiniwa anayeandika "mwandishi ametumia usaliti" na kuruka mstari amelikwepa swali lenyewe.

Neno kidogo kuhusu istilahi. Kiswahili hakina uhaba wa majina ya mbinu, na Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila ya mwaka wa 2003 ni ushahidi. Tatizo letu mara nyingi ni kuwa na majina mengi kwa kitu kimoja. Mbinu rejeshi, mwangaza nyuma na kisengerenyuma: nimeshuhudia walimu wakigombana karibu kushikana mashati kuhusu lipi ni sahihi.

Mimi nalipenda hili la tatu, kwa sababu limebeba picha. Anayekwenda kisengerenyuma anarudi kinyumenyume, uso wake ukiwa bado umeelekea mbele. Ndivyo afanyavyo msimulizi hodari: anaturudisha utotoni mwa mhusika, lakini macho yake hayabanduki kwenye jambo linalomsubiri mhusika huyo sasa. Jina zuri lenyewe linakufundisha namna ya kusoma.

Kwa msingi huo, ninapendekeza tuache kuandika "kisigino cha Achilles" katika makala zetu kana kwamba hatukuzaliwa na hadithi. Tuseme kitovu cha Liongo. Sisemi hivi kwa kuwachukia Wagiriki. Jina hili linasema zaidi kuliko lao: linakumbusha tundu, sindano, na mkono wa mtu wa karibu aliyeishika. Linaunganisha Z311 na K975, mambo ambayo faharasa iliyatenganisha.

Kwa walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Mwanafunzi akitaja mbinu, mpongeze, kisha umwulize maswali matatu kabla hajaketi. Umeikuta wapi kwingine? Hapa imebadilishwa nini? Na mabadiliko hayo yanamgusa nani? Najua kuna silabasi ya kumaliza na mtihani unaonusa mlangoni. Lakini maswali hayo hayahitaji hata dakika tano.

Watu wa Liongo walikaa na kiu siku kadhaa kwa kuogopa umbo lililopiga goti kisimani, mpaka walipojua kwamba ni maiti. Orodha zetu za mbinu nazo zimepiga goti mbele ya kisima cha fasihi, na watoto wetu wanaogopa kusogea. Tuwashike mkono tuwapeleke wakanywe maji.